Niliyeambiwa Nimtunze

Namsifu mwanangu,

Barua hii nitaikunja niiweke ndani ya lile sweta la kijani, chini kabisa ya begi lako. Najua sweta hutalitafuta mpaka basi lianze kupanda mlima Kitonga na baridi ianze kukuuma. Hapo utakuwa mbali nami, na mimi nitakuwa mbali na macho yako. Nimepanga hivyo makusudi. Ni woga, nakubali. Upo woga mwingine mkubwa kuliko huo, na huo nataka niumalize leo kabla ya chakula cha jioni.

Sitakuandikia habari za kushika begi vizuri, wala kutokula chakula cha mtu usiyemjua, wala kufika chuoni mapema. Hayo mama yako mkubwa amekuambia tangu juzi, na mama yako mzazi, tangu aliposhuka jana kutoka Upareni, ameyarudia yote kwa Kipare ili yaingie vizuri. Mimi nina neno moja tu, na kama unavyonijua, neno moja kwangu ni somo zima. Nivumilie. Nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, na kila nikitaka kufika kwenye jambo zito najikuta nimepitia ubaoni.

Neno lenyewe ni "look after".

Watoto wa tuisheni pale barazani huwa naanza kwa kuwaonya. Kiingereza, nawaambia, kina vitenzi vinavyotembea na vijineno, na kijineno kikibadilika, kitenzi kinahama nyumba. "Look at" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look into" ni kuchunguza. "Look down on" ni kumdharau mtu. Na "look after" si kutazama baadaye, wala kutazama nyuma, ingawa kila mwaka hakosekani anayeandika hivyo. Ni kutunza.

Halafu nawapa matumizi. Mama yuko na mtoto wake, anamfanyia nini? "Look after". Muuguzi yuko na mgonjwa? "Look after". Jirani amebaki na funguo za nyumba yako umesafiri? "Look after". Abiria anamwambia mwenzake kituoni, niangalizie begi langu nikanunue maji? Ileile, "look after". Na mwisho huwa nasifia: tazameni lugha inavyobana matumizi, kitenzi kimoja kinabeba mtoto, mgonjwa, nyumba na begi.

Kiswahili hakina ubahili huo. Mtoto tunamlea. Mgonjwa tunamuuguza. Nyumba tunailinda. Begi tunaliangalia tu, na mwenyewe akirudi tunamkabidhi likiwa limefungwa vilevile, hatujui hata ndani lina nini. Somo hilo nimelifundisha miaka na miaka kabla sijajiuliza ni lipi kati ya hayo nililokufanyia wewe.

Turudi msibani. Baba yako, mdogo wangu, tulikuwa tumemzika, na siku ya kuanua matanga wazee wakakaa nyuma ya nyumba, kwenye yale mawe ya kuanikia kahawa. Unaikumbuka desturi yetu. Watoto wa marehemu wanakalishwa mkekani katikati, na ndugu anayetaka kumchukua mtoto anasimama na kusema mbele ya watu atamfanyia nini. Hakuna kuandikiana. Neno lililosemwa pale ndilo hati. Halafu mama mzazi anaulizwa kama ameridhika.

Ulikuwa umemaliza darasa la saba, unasubiri majibu. Ulikaa umekunja magoti, wadogo zako wamekuegemea kila mmoja upande wake. Nikasimama. Mjomba wetu mkubwa akaniuliza:

"Wewe wa Dar es Salaam, huyu utamfanyia nini?"

"Atasoma," nikasema. "Tena si mtoto wa mdogo wangu tena, ni mwanangu. Aniite baba. Hilo la baba mkubwa tuliondoe kabisa."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mama yako alipoulizwa, hakuinua uso. Alisema, "Shemeji ni mwalimu. Nikimnyima mwalimu mtoto, nitampa nani?"

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Hakusema mimi ni mwema. Alisema mimi ni mwalimu, akadhani ni kitu kilekile.

Tulipofika Dar mama yako mkubwa alikuwa amerudi kazini kutoka likizo ya uzazi, Eliya bado wa kubebwa, na binti aliyekuwa akimshika alikuwa amekwenda kwao kuolewa. Tukasema, Sifu atamshika mtoto kwa muda tu, mpaka tupate mtu. Majibu yako yakatoka. Umefaulu, umepangiwa sekondari ya huko huko kwetu. Kukuhamishia nafasi huku Temeke kulitaka niende ofisi mbili tatu, nikae kwenye benchi, nirudi kesho yake. Nilikuwa nimeshawafanyia hivyo watoto wa walimu wenzangu, na njia naijua kama uani kwangu. Kwako sikwenda. Nikasema mwakani.

Mwakani ilipofika Eliya alikuwa anajifunza kutembea na kutia kila kitu mdomoni. Mwaka uliofuata alikuwa anakimbilia barabarani. Mtoto hakosi sababu mpya kila mwaka. Na yule mtu tuliyesema tunamtafuta hatukumpata, kwa sababu hatukumtafuta. Mtu alikuwa yupo.

Sitaki umtupie lawama mama yako mkubwa. Yeye msibani hakusimama. Niliyesimama ni mimi.

Nataka nikueleze jinsi jambo hili lilivyokuwa likitendeka, maana huko uendako utakutana nalo likiwa limevaa nguo nyingine. Ilipokuja haki ya mtoto, yaani shule, kucheza, kulala mpaka jua litoke siku ya Jumamosi, tulikuona ni msaidizi. Ilipokuja haki ya msaidizi, yaani mshahara wa mwezi na siku ya mapumziko, tulisema huyu si mfanyakazi jamani, ni mtoto wetu. Ukawa katikati ya milango miwili, na yote miwili imefungwa kwa upole. Hakuna aliyekutukana. Hakuna aliyekupiga. Ndiyo maana niliweza kwenda kanisani kila Jumapili na kuketi mbele.

Sijui ni lini ulianza kuniita Mwalimu. Siku za kwanza uliniita Baba, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Halafu ukaacha. Ukaanza kuniita kama wanavyoniita watoto wa watu wanaokuja barazani kufundishwa, na mimi nikaitikia. Mwanafunzi wangu akikosea kijineno kimoja namsahihisha papo hapo. Hilo sikulisahihisha.

Sasa ile siku ya ubaoni. Labda umeisahau. Natamani uwe umeisahau, lakini sidhani.

Nilikuwa nafundisha hilihili neno. Nikawaambia watoto watoe sentensi zao wenyewe, za maisha yao, si za kitabuni. Rehema, yule binti wa jirani mwenye mdomo mwepesi, akanyoosha mkono: "Sifu looks after Eliya." Darasa likacheka. Mwingine nyuma akadakia, "Mwongo, Sifu looks after everybody," na kicheko kikazidi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na Eliya mgongoni kwenye mbeleko, umeleta maji ya kunywa. Nami nikacheka. Nikaisifia sentensi, nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari chini ya "looks after", nikaeleza kwa nini kuna herufi s. Kisha nikakugeukia:

"Umeelewa, Sifu?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Ukaweka jagi chini, ukaondoka. Asubuhi yake uliifuta wewe sentensi hiyo, kwa kuwa ubao ulikuwa kazi yako pia. Nilikuwa nakunywa chai dirishani. Ulianza kufuta kutoka kulia, jina lako likabaki peke yake kwa kitambo, ukalitazama, ukalifuta na lenyewe.

Nilikuona. Nataka ujue kwamba nilikuona. Watu wengi wanaofanya makosa kama yangu husema hawakujua. Mimi nilikuwa najua vizuri, ila ujuzi wangu niliuweka mahali nisipoweza kuufikia bila kuinuka kitini.

Na sasa siku ya mchicha, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuisema, na ambayo wewe na mimi hatujawahi kuigusa.

Mama yako alikuja bila kutoa taarifa. Alipata lifti ya lori la tangawizi, akashuka alfajiri, akauliza nyumba ya mwalimu wa Kiingereza hapa Yombo mpaka akafika. Niliporudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa uani kwenye kigoda, ana furaha, ananiamkia, "Shikamoo shemeji," na wewe uko kwenye beseni unafua nepi za Eliya. Sijakaa vizuri, mama muuza mboga akasimama getini na ungo wake kichwani.

"We dada," akakuita, "bosi wako leo anataka mchicha au matembele?"

Mama yako akainua kichwa. "Bosi wake nani?"

"Si Mama Eliya. Kwani we mgeni? Huyu si dada wao wa kazi?" Akacheka, akamgeukia mama yako kama shoga yake. "Tena hawa wana bahati, mwenzangu. Dada wao haibi, halafu hana hata simu. Wa kwangu mie alikuwaga anaongea na simu mpaka wali unaungua."

Yule mama, ambaye hakuwa na kosa lolote, akashusha ungo akaanza kupanga mafungu. Mama yako akanitazama mimi. Ninayependa kueleza, ninayeweza kusimama saa nzima juu ya kijineno kimoja, nikawa nakung'uta chaki kwenye mkono wa shati.

Nikasema, "Hawa wa mtaani shemeji, kila msichana kwao ni dada."

"Sawa," akasema mama yako. "Na shule leo hajaenda?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipokutazama. Sikukukonyeza. Sikukuambia kitu. Nilikutazama tu, na wewe ukaelewa, kama ulivyozoea kuelewa Eliya akilia anataka nini. Ukakamua nepi uliyokuwa umeishika, ukaianika, ukasema:

"Tumefunga, mama. Nikiwa likizo namsaidiaga mama mkubwa." Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha saa ileile, chaki bado iko shatini, na mama yako hakuhoji.

"Mnavaa sare gani?"

"Sketi ya bluu na blauzi nyeupe. Na tai."

Ulimtajia sare ya wale wasichana wanaopita nyuma ya nyumba yetu asubuhi. Uliijua mpaka tai. Mama yako akacheka kwa raha, akafungua mfuko wake, akatoa jozi ya soksi nyeupe, ndefu, mpya, ameziviringisha vizuri kwenye gazeti. "Nilisema nije nazo. Najua soksi haziishi kuchakaa." Ukazipokea kwa mikono miwili, na povu la sabuni bado liko kwenye viwiko.

Katika neno hili lote la "look after" hakuna mfano uliotimia kuliko huo. Aliyetunzwa siku ile ni mimi. Mtu mzima, mwenye vyeti, aliyeapa msibani, alitunziwa heshima yake na mtoto aliyemdhulumu, tena kwa kumfanya amdanganye mama yake mwenyewe. Nilipaswa kusema palepale. Ningeaibika kwa jioni moja. Badala yake nikaagiza soda.

Mama yako alipoondoka, ndani ya wiki ileile nikakuandikisha kwenye yale masomo ya jioni kule Chang'ombe, ya watu waliokosa nafasi. Ulidhani ni wema, ukanishukuru. Haukuwa wema. Niliogopa atarudi. Ukaenda, umeshapika, umeshamwogesha Eliya, na siku ya kwanza nilikuona ukitoka getini na zile soksi nyeupe, na ndala. Hakuna aliyetaka sare kule. Nilijifanya natafuta miwani.

Yaliyofuata ni yako yote. Ulisoma na watu wazima, madereva na wauza maduka, ukarudi usiku na kukuta vyombo vinakusubiri. Fundi alipokuja kutuwekea taa ya baraza ulimshikia ngazi, ukamuuliza maswali mpaka akachoka, akakuachia testa yake ya kupimia umeme. Tangu hapo hakuna soketi ndani ya nyumba hii ambayo hujaifungua. Sasa unakwenda Mbeya kusomea umeme, na taa ninayoandikia ni wewe uliyeitengeneza wiki iliyopita. Nikisema nilikusomesha nitakuwa nimeiba mara ya pili.

Na nilishaiba. Ulipofaulu ule mtihani wa masomo ya jioni, nilikwenda harusini kwetu, wazee wakanisimamisha. "Huyu ndiye aliyetimiza neno la msibani," wakasema, na nikapewa kidari cha mbuzi, ambacho kwetu hapewi mtu ovyo. Nilisimama. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilikila, Namsifu. Kilikuwa kitamu.

Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama, gharama yako, ni hiki: sifa isiyo yako ijibu papo hapo, siku unayopewa, hata kama mdomo unatetemeka. Ukiiacha ilale usiku mmoja inaota mizizi, na asubuhi kuing'oa kunakuwa ni kubomoa nyumba. Na mtu akikuambia jambo ni la kwa muda tu, muulize mpaka lini. Muulize kwa heshima, na usubiri jibu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Na wakikuambia wewe ni kama ndugu yao, furahi, kisha uangalie kama wakati wa kula unakaa nao mezani.

Jingine ni dogo, lakini ndilo linaloniuma zaidi nikikuwaza bwenini. Ukikuta vyombo vichafu ambavyo hukulia wewe, viache. Najua mkono utakwenda wenyewe. Urudishe. Watakuita mvivu siku mbili tatu, halafu wataviosha. Mkono huo tumeuzoesha sisi, hukuzaliwa nao.

Sasa kesho. Umeliona lile blanketi. Mama yako amelileta kwenye mfuko wake wa nailoni, jekundu lenye maua, na tangu jana analihamisha kutoka kiti hadi kiti lisije likashika vumbi. Unajua maana yake. Kwetu mtoto akiondoka nyumba aliyolelewa, mama aliyemzaa anakuja, na mbele ya majirani anamfunika blanketi yule mlezi, anamwambia, ulimfunika wangu, nami nakufunika. Amewaalika watu wa jumuiya. Amemwalika hata yule mama wa mchicha, ambaye ameahidi kupiga vigelegele. Kesho asubuhi, kabla hujakwenda kupanda basi, palepale barazani, chini ya ule ubao, mama yako amepanga kunifunika mimi.

Siwezi kufunikwa. Nimejaribu kujishawishi. Nimesema, yamepita, mtoto amefanikiwa, kwa nini umvunje moyo mjane siku ya furaha yake. Ni hoja nzuri, na zote zinanipendelea mimi. Nimegundua hoja zangu nzuri zote maishani zilikuwa na tabia hiyo.

Ila kulikuwa na kizuizi kimoja cha kweli. Siwezi kumwambia mama yako ukweli wangu bila kugusa uongo wako. Atajua kwamba ile sketi ya bluu haikuwapo. Atajua ulimtazama usoni ukasema tumefunga, mama, na kwamba soksi alizinunua kwa ajili ya shule isiyokuwapo. Jana ulipokuwa unapiga pasi nilikuja mpaka mlangoni, unakumbuka, ukaniuliza, "Unataka shati lipigwe pasi, Mwalimu?" Nilikuwa nimekuja kukuomba ruhusa. Nilitaka kukuuliza, nimwambie au nisimwambie. Nikakutazama. Na nilipokutazama nikaona nafanya kitu kilekile cha siku ya mchicha. Nakupa mzigo wangu ubebe, uamue wewe, ili lolote litakalotokea liwe limetoka mdomoni mwako. Nikasema, hapana, shati ni safi. Nikaondoka.

Kwa hiyo sikuulizi. Namwambia. Nitamwambia kwamba mtoto alisema uongo kwa sababu mimi nilimtazama, na mtoto huyo alikuwa ameshafundishwa ndani ya nyumba yangu kwamba kazi yake ni kuwaondolea watu wazima usumbufu. Huo ndio ukweli wake, sijaupunguza wala kuuremba. Kama atakasirika, atanikasirikia mimi. Na kama kidogo kitakurukia na wewe, nisamehe kwa hicho kidogo. Hayo mengine sikuombi usamehe. Msamaha nao ni kazi, na umefanya kazi za kutosha humu ndani.

Waingereza wana neno wanalomwambia mtu anayeondoka. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wanaokwenda bweni, na kila mmoja hulipenda: "Look after yourself." Jitunze. Wewe sikuambii. Tangu uingie hapa ni nani mwingine aliyekuwa akikutunza? Nakuombea kinyume chake. Huko Mbeya upate watu watakaokushikia ndoo, watakaokuuliza umekula, watakaokuacha ulale. Ukipata, usishtuke, wala usiinuke haraka kuwasaidia. Kaa.

Nawasikia uani. Mama yako anachambua maharage ya makande, wewe unamenya vitunguu, na Eliya anakusumbua.

"Dada Sifu, ukiondoka nani atanifunga tai ya shule?"

"Utajifunga mwenyewe. Nimekufundisha mara ngapi?"

"Na nikikosea?"

"Ukikosea unafungua, unaanza upya. Tai haiumwi."

Mama yako anacheka. Anasema kwa Kipare kwamba mtoto huyu atalia siku nzima. Eliya hajui kwamba katika mji huu kuna dada wa aina mbili. Kwake ipo moja. Angalau huyo mmoja humu ndani alikuona ulivyo.

Nimevaa viatu. Sijui kwa nini, kutoka chumbani hadi uani hakuhitaji viatu. Nadhani nilitaka kusimama kama niliposimama msibani. Nikishamwambia, nitamwomba jambo moja, kama atakuwa bado anataka kunisikiliza: kesho, watu wakikusanyika, blanketi lisirudi Upareni. Amfunike aliyemlea Namsifu, yaani Namsifu mwenyewe, kwa jina, mbele ya wote. Wote watageuka wanitazame, na nitakuwa nimekaa. Atakayesimama ni wewe.

Mimi naandika sasa, sijui kama miguu itafika. Wewe unayesoma unajua. Kama ulilazimika kulichimbua sweta hili njiani kwa sababu baridi ilikukuta huna kitu, basi nilifika mlangoni nikarudi, na hii ni karatasi nyingine ya mwalimu. Lakini kama umeliona sweta leo tu, chuoni, ukipanga nguo zako, kwa kuwa njia nzima ulikuwa na kitu chekundu chenye maua cha kujifunika, basi nilifika uani.

Ni mimi, unayeniita Mwalimu.